Mandhari na Shamba

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Van Gogh, mjini Amsterdam, liliweka pamoja kazi za wachoraji wawili: Vincent van Gogh, Mholanzi aliyefariki mwaka 1890, na David Hockney, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1937. Maonyesho yaliitwa “Furaha ya Maumbile”. Kwa ujasiri wa rangi wawili hawa ni ndugu. Hata hivyo, twaona jina hilo limefunika jambo.

Picha kubwa ya Hockney, kuwasili kwa majira ya kuchipua huko Woldgate (2011), imeunganishwa kwa vipande 32 vya turubai, na upana wake wakaribia mita 10. Miti na majani vimejaa tele, mtu hayumo. “Mavuno” ya Van Gogh (1888) haitimizi mita moja, lakini ndani yake mna mkokoteni wa samawati, ngazi, lundo la nyasi kavu na watu kazini.

Neno “mandhari” asili yake ni Kiarabu, nalo lahusu kutazama. Hockney ametupa mandhari. Van Gogh ametupa shamba. Sisi ambao wanafunzi wetu hushika jembe kabla ya kushika kalamu, tusiyaite mawili hayo jina moja. Tuwafundishe kuuliza mbele ya kila picha: hapa amelima nani?