"Bonde" Lipi? Uhakiki wa Istilahi za Mafuriko Mijini

Katika kupitia taarifa na matangazo yahusuyo mafuriko ya Dar es Salaam, tumeona kwamba neno moja, "bonde", limetwishwa maana tatu zisizopatana. Jambo hili si la kupuuzwa, kwani neno hilo ndilo litumikalo kumwambia mtu ahame au abaki.

Maana ya kwanza ni ile ya asili: ardhi ya chini baina ya miinuko. Ya pili ni ya wataalamu wa maji, nayo ni eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto. Ndiyo maana twasema Bonde la Wami/Ruvu, ingawa ndani yake imo milima ya Uluguru. Ya tatu ni ardhi tambarare kandokando ya mto, ambayo maji huifunika mto ufurikapo, kama pale Jangwani. Hii ya tatu ndiyo ikusudiwayo watu waambiwapo "wahame mabondeni".

Tuutazame Mto Msimbazi. Mto huu huanzia vilima vya Pugu, hukatiza jiji, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kwa maana ya pili, mwenye nyumba Pugu na mwenye nyumba Jangwani ni wakazi wa bonde moja. Kwa maana ya tatu, ni huyu wa Jangwani peke yake.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 jijini. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5. Kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa huizuia ardhi kunywa maji, nayo huteremka kwa kasi yakichukua mchanga na taka. Mabadiliko ya tabianchi nayo huzidisha uwezekano wa mvua kubwa. Kwa hiyo mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, hayakuanzia yalikoua. Lakini neno "mabondeni" humtaja wa chini tu. Wa juu husoma tangazo akajiona hahusiki.

Wapo watakaosema kuwa muktadha huondoa utata. Hatukubaliani nao. Tangazo la mistari mitano halina muktadha wa kutosha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imetaja mita 60 kutoka ukingo wa mto; mita hupimika, lakini "mabondeni" hapapimiki.

Twapendekeza basi yafuatayo. "Bonde" libaki na maana yake ya asili, pamoja na majina rasmi yaliyokwisha kuzoeleka. Maana ya pili ipewe "kidakio", kutokana na kudaka, neno ambalo wataalamu wa maji tayari hulitumia kwa maeneo madogo ya namna hiyo. Ya tatu iitwe "uwanda wa mafuriko", kwa kuwa uwanda ni ardhi tambarare iliyo wazi, na hakuna atakayeudhania kuwa ni jiji zima.

Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika sentensi za kazi zao, kwa mfano: "Kidakio cha Msimbazi kitunzwe, na uwanda wake wa mafuriko usijengwe." Hapo wa Pugu na wa Jangwani kila mmoja atajua aliloagizwa.