Mkosi na Kosa: Visa vya Kuchekesha vya Safari za Majini Katika Ziwa Victoria

Katika mialo ya Mwanza, Ukerewe na Ukara husimuliwa aina ya visa ambayo mpaka sasa haijapewa uzito unaostahili na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Ni visa vya safari za uvuvi zilizoharibika: wavu ulionasa mwamba, kasia lililoteleza usiku, kambare aliyeruka kutoka mtumbwini baada ya kuhesabiwa fedha zake. Wataalamu wamekusanya methali, ngano za sungura na tendi za mashujaa, lakini visa hivi wameviacha, yamkini kwa kuviona kuwa ni porojo za watu wanaopumzika. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba visa hivyo vina kanuni zake na kwamba kanuni hizo zahusu jambo zito, nalo ni namna jamii iamuavyo kama hasara fulani ililetwa na majaliwa au ilisababishwa na mtu.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya bahati mbaya: nuksi, kisirani, balaa, mkosi. Matatu ya kwanza yana asili ya Kiarabu, nayo huielekeza hasara kwenye nguvu iliyo nje ya mtu. Neno mkosi ni tofauti, kwa kuwa mzizi wake waonekana kuwa ule ule wa kitenzi kukosa, ambacho ndicho kilichozaa kosa, mkosaji na kukosana. Kwa hiyo msemaji asemapo kwamba amepata mkosi, hujitetea kwa neno ambalo ndani yake mna shtaka. Visa vya wavuvi vimejengwa juu ya nafasi hiyo nyembamba iliyoko baina ya mkosi na kosa, na ucheshi wake hutoka humo.

Wakati wa kuvisimulia nao una sababu. Uvuvi wa dagaa hufanywa usiku wa giza, kwa karabai na siku hizi pia kwa taa za umeme, kwa maana dagaa huufuata mwanga. Mwezi ung'aapo, nuru ya taa hupungua nguvu na kazi husimama. Siku za mbalamwezi, basi, ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kuzungumza. Wanaozungumza ni Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita, Wajaluo na wengineo, na mara nyingi lugha inayowakutanisha ni Kiswahili, ambacho kimechukua huko maneno kama furu, sangara na mwalo, yasiyo ya kawaida kwa mvuvi wa Tanga au Lamu.

Kisa kifuatacho chawekwa hapa kuwa kielelezo cha aina yenyewe, wala hakidaiwi kuwa ni tukio la siku fulani. Wavuvi wawili wanatoka mwaloni jioni kwenda kutega sangara. Mafuta ya taa ni machache. Kwa hiyo wamalizapo kutega wanaizima taa yao, ili yabaki ya kutosha usiku wa pili. Kabla ya alfajiri wanaanza kuvuta. Wavu ni mzito kupita siku zote. Mmoja anatamka kwamba ni sangara. Mwenziwe anasema ni sangara wawili. Kila wavutapo, samaki naye huvuta. Kabla hajaonekana, amekwisha gawanywa: deni la duka limelipwa, bati za nyumba zimenunuliwa, na wavuvi wenyewe wamekwisha gombana juu ya kichwa chake. Kunapopambazuka wanaona mtumbwi wa pili, na ndani yake mna shemeji ya mmoja wao, anavuta upande wa pili wa nyavu zilizosokotana. "Shemeji, unavuta nini?" "Navuta riziki yangu. Na wewe je?" "Nami navuta yangu." Yasemekana kwamba yule shemeji alikuwa amekwisha nunua ng'ombe.

Msimulizi humaliza kisa hicho kwa kusema kuwa usiku ule ulikuwa wa mkosi, kisha hutaja methali: ajali haina kinga. Wasikilizaji hucheka, na kicheko chao ndicho hukumu, kwa sababu wamesikia habari ya taa iliyozimwa. Habari hiyo ilitajwa mapema na kwa wepesi, kana kwamba haina maana. Nayo ndiyo sababu ya yote yaliyofuata, kwani mitumbwi miwili isiyo na mwanga haikuweza kuonana ilipokuwa ikitega. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: kosa hutajwa mwanzoni pasipo kuitwa kosa, na msikilizaji huachiwa kazi ya kulitambua. Msimulizi hafifu hulieleza kosa mwishoni, na kisa hugeuka mawaidha.

Kanuni ya pili ni kwamba anayesimulia huwa ndiye aliyepatwa. Kisa cha mikosi ya mtu mwingine ni masengenyo, isipokuwa kikisemwa na mtani, ambaye mila imempa ruhusa. Kanuni ya tatu ni kwamba wote waliotoka wawe wamerudi. Chombo kikirudi na pungufu ya mtu mmoja, kisa chake hakiingii katika aina hii hata miaka ikipita mingi. Huhamia katika maombolezo. Mvuvi aweza kupoteza wavu, samaki, mashua na heshima yake, na watu wakacheka, asipoteze mwenziwe.

Thamani ya kanuni hizi huonekana vizuri zikilinganishwa na maandishi ya wageni waliosafiri katika maziwa haya katika karne ya 19, nao pia wakaandika mikosi yao. Wa kwanza ni John Hanning Speke. Mwezi wa Machi 1858, miezi michache kabla hajafika Mwanza, alivuka Ziwa Tanganyika kwenda kuazima jahazi. Njiani, baada ya dhoruba, mende aliingia sikioni mwake usiku. Speke alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, kisha kwa ncha ya kisu, akajijeruhi na kuwa kiziwi wa sikio hilo kwa muda mrefu. Jahazi lenyewe hakulipata. Tarehe 3 Agosti mwaka ule ule alifika Mwanza, akalitazama ziwa kubwa toka nchi kavu, akakosa chombo cha kumvusha, akageuka baada ya siku chache akiamini kuwa ameona chanzo cha Nili. Katika kitabu alichotoa mwaka 1864 alikisimulia kisa cha mende kwa urefu na kwa uwazi, pamoja na kisu alichokishika kwa mkono wake mwenyewe. Humo Speke amekaribia sana kanuni za mialo: kosa limo, mwenye kosa ni msimulizi, na msomaji hucheka kwa kuumia pamoja naye.

Wa pili ni Alexander Mackay wa Church Missionary Society. Mwaka 1878 alifika Kageye, kusini mwa ziwa, akaikuta mashua ya misheni iitwayo Daisy katika hali mbaya. Aliitengeneza, akaondoka nayo mwezi wa Agosti pamoja na Wilson kuelekea Buganda, na dhoruba ikaivunja kwenye mwambao wa magharibi. Mafundi hao hawakuwa na mbao za kutosha. Kwa hiyo waliikata sehemu ya katikati ya mashua, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha wakaziunga ncha mbili. Walifika Buganda mwezi wa Novemba, katika chombo kilichokuwa kimepungua urefu. Habari hiyo ingeweza kusimuliwa Kirumba leo bila kubadilishwa neno. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mwezi wa Desemba 1877 wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe. Safari zao mbili zilikuwa za misheni moja na ziwa moja, lakini ya kwanza haichekeshi, wala Mackay hakujaribu kuichekesha. Kanuni ya tatu ilitiiwa hata na mtu ambaye hakufundishwa.

Wa tatu ni Henry Morton Stanley, na hapa ndipo uhakiki unapokutana na jambo la hatari. Stanley alibebesha wapagazi mashua yake Lady Alice kwa vipande kutoka pwani hata Kageye, akalizunguka ziwa kati ya Machi na Mei 1875. Tarehe 28 Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliikokota mashua hadi nchi kavu wakachukua makasia. Mabaharia waliisukuma majini tena, wakang'oa mbao za ndani ya mashua, wakazitumia badala ya makasia. Nahodha asiye na kasia, anayepiga maji kwa sakafu ya chombo chake, ni mtu wa kisa cha kuchekesha kwa kila hali. Lakini Stanley hakuweza kuwa mtu huyo. Aliwapiga risasi wenyeji siku ile ile, na mwezi wa Agosti alirudi na watu wengi, akakishambulia kisiwa kwa bunduki. Katika kitabu chake cha mwaka 1878 kosa lote limewekwa upande wa pili. Haielekei kwamba kicheko peke yake kingeokoa maisha ya watu wa Bumbire. Ila ni dhahiri kwamba msimulizi asiyekubali kuwa sehemu ya mkosi wake hulazimika kumtafuta mkosaji, na mwenye bunduki humpata upesi.

Tofauti hiyo si ya Mwafrika na Mzungu. Jerome K. Jerome, katika Three Men in a Boat cha mwaka 1889, alimfanya msimulizi wake kuwa mzembe wa kwanza katika mashua ya mto Thames, na hilo ndilo lililokipa kitabu maisha marefu. Naye Hemingway, katika kitabu chake cha mwaka 1952 juu ya mvuvi mzee wa Kuba aliyemaliza siku 84 bila samaki, alionyesha upande wa pili: mvuvi huyo wengine humwona kuwa mtu wa mkosi, lakini yeye mwenyewe hujihesabia kosa la kwenda mbali mno. Riwaya yake si ya kuchekesha. Walakini mzani unaotumika ni ule ule wa mkosi na kosa.

Kuna hoja mbili dhidi ya visa hivi. Ya kwanza ni kwamba hupunguza uzito wa hatari, na katika ziwa hili hatari si jambo la kubuni. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na nafasi ya abiria 101, na waliokufa walizidi 200. Hoja hiyo haina nguvu, kwani aina hii ya visa yenyewe haiyagusi mambo hayo. Zaidi ya hapo, msikilizaji aliyezoea kuitafuta taa iliyozimwa hatakubali upesi kwamba chombo kilichojazwa kupita kiasi kilizama kwa mkosi. Amefundishwa kuuliza ni jambo gani lililotajwa mapema kwa wepesi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo haina budi kukubaliwa kwa sehemu kubwa. Kanuni ya kumfanya msimulizi awe mkosaji huweza kumficha mkosaji wa kweli. Katika kisa cha nyavu zilizosokotana, taa ilizimwa kwa sababu mafuta yalikuwa machache. Lakini ni nani aliyetoa mafuta machache? Wavuvi wengi hawamiliki chombo wala nyavu. Huenda majini kwa vifaa vya tajiri, na hasara hukatwa katika mgawo wao. Mvuvi ajichekaye kwa kuzima taa aweza kuwa anaubeba ubahili wa mtu aliyelala nyumbani. Vivyo hivyo, wanawake wanaoanika na kuuza dagaa hutajwa katika visa hivi kama watu wanaongoja ufukoni tu, ingawa chombo kirudipo kitupu hasara ni yao pia. Hapa aina yenyewe ina upungufu: huyaona makosa ya mtumbwini kwa ukali, na ya nchi kavu kwa shida.

Upungufu huo hauondoi thamani yake, bali waonyesha jinsi visa hivi vipasavyo kukusanywa. Haitoshi kunakili kichekesho na kuacha mengine. Mkusanyaji aandike pia chombo ni cha nani, nani aliyenunua mafuta, nani aliyecheka kwanza na nani aliyekaa kimya. Mara nyingi anayekaa kimya ndiye amekwisha tambua kwamba kosa halikuwa la msimulizi.