Mbwa Mlangoni pa Hema

Ukambani, nchi ya Wakamba mashariki mwa Kenya, kulala nje si jambo geni. Lililo geni ni hema. Zamani kiangazi kilipokaza, vijana walitumwa na ng'ombe mbali na nyumbani hadi kwenye weu, malisho ya pamoja, wakajenga kyengo, yaani kambi ya ng'ombe, wakakaa huko wakingoja mvua. Walikuwa na boma la miiba, moto, pinde na mbwa. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Kitui kuelekea pwani katika karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Kivui wa Mwendwa, nayo ililala porini usiku baada ya usiku. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayepakia hema na mbwa wa kilo 40 kwenye gari siku ya Ijumaa, akashika njia ya Machakos hadi Kitui, asidhani amebuni kitu. Ameongeza zipu tu.

Ninausifu ufundi huu wa kupiga kambi na mbwa mkubwa kwa sababu moja. Mtu akisafiri peke yake huuvumilia uzembe wake mwenyewe: atalala na kiu, atasimika hema mahali pabaya kwa kuwa giza limeingia, atajiambia kesho atajua la kufanya. Mbwa mkubwa hakupi nafasi hiyo. Ukimpangia yeye kwanza, maji yake, kivuli chake, ardhi atakayolalia, unajikuta umepanga kambi ambayo hata mchungaji wa zamani asingeicheka. Mbwa mdogo hafundishi haya, maana akichoka unambeba. Jaribu kumbeba Ngao wangu, mwana wa jike la German Shepherd na dume lisilojulikana la mitaa ya Wote, kutoka kilele cha Nzaui.

Kazi huanza na maji. Mbwa wa ukubwa huo anahitaji kama lita 2 kwa siku akiwa ametulia kivulini. Kwenye joto la Ikutha au Mtito Andei, tena akitembea, mara mbili ya hizo au zaidi. Mwili wake hautoi jasho kama wetu. Hupoa kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi inaondoka na maji. Ndiyo maana kambi ya mwenye mbwa huamka mapema sana: kutembea ni kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha tena jua likishaelekea magharibi, na katikati hapo ni kulala chini ya mti kama kila kiumbe chenye akili katika nchi hii kavu.

Mito mingi ya Kitui hukauka juu ikabakiza maji chini ya mchanga. Wenyeji huchimba mashimo mtoni na kuteka humo. Tangu mwaka 1995 shirika la SASOL limejenga na wanavijiji mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni, mafuriko yanaleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo mbali na jua. Mbwa huyasikia maji hayo kwa pua, ataanza kuchimba kabla hujashusha mizigo. Mzuie. Shimo lililozungushiwa miiba ni la watu, na miiba imewekwa kuwazuia wanyama kama yeye. Omba, teka, mmiminie pembeni. Maduka ya vifaa vya kambi huuza bakuli la kukunja kwa mbwa. Sufuria kuukuu yenye kitako kizito ni bora, kwa sababu haipinduki akiingiza kichwa kizima.

Kuchagua mahali pa hema nako kuna elimu yake. Tazama juu kwanza. Kitui ni nchi ya asali, na mizinga ya magogo hutundikwa kwenye migunga na mibuyu. Mgeni aliyechoka huona kivuli tu, asione mzinga. Nyuki wakichokozeka, mbwa aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Kisha tazama chini. Ukiona kichuguu, sogea mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Kitui ilipigwa na mlipuko mkubwa wa kala-azar, na watafiti wakaja kugundua kwamba visubi wanaoeneza ugonjwa huo hujificha mchana ndani ya matundu ya vichuguu na kutoka usiku kunyonya damu. Mbwa naye anavipenda vichuguu kwa sababu zake: nguchiro wamo. Akianza kufukua kimoja karibu na kambi, usimwache aendelee eti anajiburudisha.

Mchanga wa mto mkavu unavutia kwa ulaini wake, na vigingi haviushiki. Lakini hilo si kosa lake kubwa. Mvua inaweza kunyesha milimani Mbooni au Kilungu nawe huku chini unaona nyota, na mafuriko yakafika bila kukujulisha. Panda ukingoni.

Juu ya mwamba pia si pazuri. Ivia ya Nzambani, jabali kubwa lililo karibu na mji wa Kitui, lina ngazi ya chuma ya kupandia, na mbwa wengi huigomea ngazi ya namna hiyo. Nyayo zao pia huungua: weka kiganja chako juu ya jiwe saa nane mchana, ukishindwa kukishikilia hapo, yeye hawezi kulikanyaga. Wenyeji husema anayelizunguka jabali hilo mara saba hubadilika jinsia. Ngao alilizunguka akifuata harufu ya mbuzi na sikumhesabia. Alirudi vilevile, mwenye njaa.

Kamba sasa. Usimfunge mbwa mkubwa kwenye nguzo ya hema. Digidigi atapita, na hema litamfuata digidigi. Vuta kamba nene kati ya miti miwili, juu kidogo ya kichwa chake, upitishe pete itelezayo, kisha umfunge kwenye pete hiyo. Atakwenda na kurudi bila kujinyonga wala kuzungusha kamba kwenye kila kichaka. Mimi hutumia kamba ya mkonge, zao ambalo Kibwezi imelilima kwa miaka mingi. Haikati viganja kama nailoni mbwa anapovuta ghafla.

Je, alale ndani au nje? Wahenga wa pwani wanaonya kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini, na mwenye hema la watu wawili atawaelewa upesi. Lakini pwani hiyohiyo inaijua vizuri habari ya watu wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf: vijana waliolala miaka 309, na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele kizingitini. Sijapata kanuni bora zaidi ya hiyo. Mahali pa mbwa ni mlangoni, pale kwenye kibaraza kidogo cha turubai kati ya zipu mbili, juu ya gunia nene linalokinga sakafu na kucha zake. Awe ndani kiasi cha kufikiwa na mkono wako, nje kiasi cha kusikia. Kumwacha peke yake kwenye kamba usiku kucha mbali na hema ni kumwekea chui sahani, maana chui ni mla mbwa wa siku nyingi.

Saa niipendayo ni ile ya kabla ya kulala, moto ukishakuwa makaa. Mbwa analala ubavu, nawe unampitishia vidole mwili mzima polepole kinyume cha manyoya. Nyuma ya masikio, chini ya mkia, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Kupe aliyeshiba ni rahisi kumpata. Fundi humpata yule aliye mdogo kama mbegu ya mtama, aliyepanda mchana huo huo. Unamkamata kwa kibano karibu kabisa na ngozi, unavuta moja kwa moja bila kumsokota. Mwiba wa mgunga nao una tabia yake: huvunjikia ndani, ngozi ikafunga juu, na dalili pekee ni mbwa kulamba unyayo mmoja kuliko mingine. Ukiubonyeza atakuangalia. Hapo ndipo utakapojua kama anakuamini, kwa sababu mnyama mwenye taya za kuvunja mfupa wa paja la ng'ombe ameamua kutulia wakati unamchokonoa. Hakuna amri inayofundisha hilo. Linatokana na jioni nyingi za namna hii, na mtu asiyekuwa na subira nazo afadhali alale hotelini.

Mengine nitayataja haraka. Kuzunguka Kibwezi na miguuni pa Milima ya Chyulu kuna mbung'o. Mbwa akipata homa na macho yake kuingia ukungu mweupe, mfikishe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Swila akimtemea sumu machoni, mwoshe kwa maji mengi papo hapo, hata kama ndiyo maji yenu ya mwisho. Usimpe makombo yenye vitunguu. Na kama mmepiga kambi Makueni msimu wa maembe, okota kokwa zote, kwa kuwa kokwa moja ikimezwa inaweza kuziba utumbo.

Usiku ni wa mbwa. Mngurumo wa chini bila kuinua kichwa ni punda wa jirani. Kubweka kwingi ni mbwa wenzake wa kijijini. Jambo la kukuamsha ni mbwa aliyesimama kimya, nywele za mgongo zimesimama pia, pua imeelekea upande mmoja bila kuyumba. Hapo unawasha tochi, unachochea moto, unabaki mlipo. Kukesha mwachie yeye. Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ambayo leo imo Kaunti ya Makueni, Charles Ryall, mkuu katika polisi ya reli, alikuwa ndani ya behewa na wenzake wawili wakimvizia simba mla watu. Bunduki zilikuwepo. Zamu ya kukesha ilikuwa yake, usingizi ukamshika, simba akaingia mlangoni na kutoka naye dirishani. Binadamu hakuumbwa kwa zamu ya usiku. Mbwa hulala kwa vipande vifupi na masikio yake hayafungi.

Lakini mgeni mwenye mbwa mkubwa ni mzigo kwa wenyeji, na ustadi wote huu haufai kitu asipolijua hilo. Mwone mwenye shamba kabla ya kushusha chochote, umwambie wazi kwamba unaye mbwa na ni mkubwa, umwulize mbuzi hupita wapi na kuku hulala wapi. Akikataa, shukuru uondoke. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2014 Kenya ilitangaza mkakati wa kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti za mwanzo kuutekeleza. Wazazi wa huko wameshasikia mafundisho, na watakuuliza. Swali lao ni la haki.

Mbuga za taifa zisahau. Tsavo na Chyulu haziruhusu mbwa wa nyumbani kuingia, na sheria hiyo ni nzuri, kwa faida ya wanyama wa mle na kwa faida ya mbwa wako. Tafuta shamba la mtu Nzambani, Kilungu au ukingo wa Yatta, umlipe mwenye mahali bila kusubiri kuombwa, na uzoe kinyesi cha mbwa pamoja na taka zako. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, nyasi zikiwa fupi na kupe wachache. Mvua za vuli zikianza mwishoni mwa Oktoba, baki nyumbani na mbwa wako.