Hongera, Mkunga wa Zamu ya Usiku

Usiku wa manane, bodaboda kutoka Moding humshusha mama mwenye uchungu langoni mwa Hospitali ya Kocholia, kaunti ya Busia nchini Kenya. Mkunga humshika mkono: "Pole mama, pumua polepole." Kila nusu saa husikiliza moyo wa mtoto na kuandika kwenye chati; mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 10, ndipo humwambia asukume. Mtoto akitoka, ndani ya dakika moja mama hudungwa sindano ya kuzuia kuvuja damu, na kichanga hulazwa kifuani pake. Juni 1, 2013, serikali ilipofuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, wodi nyingi nchini zilifurika, nao wakunga wengi hawakukimbia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nanyi wakunga mnaushuhudia kila usiku. Hongereni!