Hongera, Wauguzi wa Wodi ya Watoto

Kuupata mshipa wa mtoto mchanga aliyeishiwa maji si kazi ya pupa. Muuguzi hupapasa kiganja, mguu, hata kichwa, huku mama akilia kuliko mwanawe. Kanula, ule mrija mdogo wa dripu, ikishaingia, huanza kazi isiyosifiwa: kuhesabu matone usiku kucha. Maji yakizidi huua pia. Utafiti wa FEAST uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukachapishwa 2011, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji kwa haraka watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu kuliongeza vifo. Na bado tunawanunia wauguzi wakichoma mara ya pili! Hongereni sana. Nawe mzazi, ukiona uvimbe penye kanula, mwite muuguzi; usiiguse koki ya dripu.