Herufi Moja Mwishoni mwa Jina

Kwenye meza za laptopu zilizotumika, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kibandiko cha i7 hupandisha bei kabla mteja hajauliza mashine ni ya mwaka gani. Mteja anapiga hesabu ya darasa la kwanza: saba ni kubwa kuliko tano. Sasa ziwekwe mbili ubavu kwa ubavu, moja yenye Core i7-7500U ya mwaka 2016, nyingine yenye Core i5-8250U ya mwaka 2017. Ya kwanza ina viini viwili, ya pili ina vinne, na zote zimepangiwa wati 15. Ikifika kazi ya kurenda video, i5 inaiacha mbali ile yenye jina kubwa. Tena Microsoft walipotoa Windows 11, orodha yao ya prosesa za Intel zinazokubalika ilianzia kizazi cha 8, ukiacha chache mno za kabla yake. Aliyelipa zaidi kwa ajili ya namba saba amejikuta nje ya mlango.

Mtego huo haukuishia kwenye mashine kuukuu. Core i7-1255U ina viini viwili vikubwa na vinane vidogo. Core i5-12500H ina vinne vikubwa na vinane vidogo. Hapa mwamuzi ni herufi ya mwisho. U ni prosesa ya laptopu nyembamba, kiwango chake cha msingi wati 15. H ni ya mashine nene yenye feni za kweli, wati 45. Herufi hiyo ina habari nyingi kuliko tarakimu zote zilizoitangulia, na ndiyo ambayo kibandiko hakiandiki.

AMD nao walikuja na fumbo lao. Katika majina yao ya mwaka 2023, tarakimu ya kwanza inataja mwaka tu, na ya tatu ndiyo inayosema prosesa imejengwa kwa usanifu upi. Kwa hiyo Ryzen 5 7520U ni Zen 2, usanifu uliozaliwa 2019 na kuvikwa kanzu mpya, ilhali Ryzen 7 7840HS ni Zen 4. Zote zinaanza na 7. Ni vigumu kuamini kwamba waliobuni mpangilio huo walikuwa wakimfikiria mnunuzi.

Kwa nini wati zinabeba uzito wote huu? Kwa sababu kila wati inayoingia kwenye prosesa hutoka ikiwa joto, na mwili wa laptopu ni mdogo. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Feni nayo haiwezi kuipoza mashine chini ya hewa inayoivuta, na hewa ya Mombasa saa nane mchana si hewa ya maabara yenye kiyoyozi. Hivyo kila mtengenezaji anaanza na bajeti ya joto ileile, kisha anaamua aitumie wapi. Kuchagua prosesa ni kuukagua uamuzi huo.

Intel, kuanzia kizazi cha 12 kilichoingia kwenye laptopu mwaka 2022, waliamua kuchanganya viini vikubwa vyenye kasi na vidogo vinavyokula umeme kidogo. Core i9-13980HX ina vikubwa 8 na vidogo 16. Kwa kazi inayogawanyika vipande vingi, kama kurenda kwa prosesa au kubana mafaili, jeshi hilo la viini 24 linatisha.

Gemu ina tabia nyingine. Inauliza maswali madogo madogo bila kukoma, adui yuko wapi, risasi imegonga ukuta upi, na majibu lazima yapatikane kabla picha inayofuata haijachorwa. Jibu lisipokuwemo kwenye kashe, yaani kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe, kiini hukaa bure kikilisubiri litoke kwenye RAM. Mama lishe anayefunga jiko kila mara akimbilie dukani kununua chumvi hatamaliza foleni ya wateja, hata mikono yake iwe myepesi namna gani.

AMD walisogeza duka jikoni. Walichukua tabaka la kumbukumbu la megabaiti 64 wakaligandamiza juu ya kipande cha viini, shaba kwa shaba, bila lehemu katikati. Kwenye kompyuta za mezani mbinu hiyo ilianza Aprili 2022 na Ryzen 7 5800X3D. Laptopu ziliipata mwaka 2023 kwa Ryzen 9 7945HX3D, ndani ya ASUS ROG Strix Scar 17. Kashe yake ya ngazi ya tatu ni megabaiti 128. Core i9-13980HX ya mwaka huohuo ina 36.

Kulikuwa na gharama. Tabaka lile lililala juu ya viini kama blanketi, joto likakosa njia, kasi ikabidi ishushwe. Ndiyo maana kati ya viini 16 vya 7945HX3D, vinane tu ndivyo vilivyofunikwa, vinane vikaachwa wazi vikimbie. Programu hutambua kwamba gemu imefunguliwa, kisha huielekeza upande wenye kashe. Katika kizazi kilichofuata mafundi waligeuza chapati: kumbukumbu chini, viini juu karibu na kipoozeo. Laptopu zilipokea mpango huo 2025 kupitia Ryzen 9 9955HX3D. Ni ufundi wa kuvutia kweli. Lakini mtu wa kurenda haoni faida kubwa ya kashe hiyo, naye angekuwa analipia sifa ya mwingine.

Mhariri wa video za harusi ana shida yake tofauti kabisa. Kamera kama Sony A7 IV na Canon EOS R5 zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 kwa rangi za 4:2:2, mfumo unaohifadhi rangi nyingi na kubana faili kwa nguvu. Kulifungua faili hilo kwa viini vya kawaida ni mateso; video hukatikakatika kwenye uhariri hata mashine ikiwa ya bei mbaya. Kinachohitajika ni sakiti maalumu ya kufungulia video. Intel wanayo kwenye grafiki za ndani kuanzia kizazi cha 11. Kadi za grafiki za Nvidia hazikuwa nayo kwa muundo huo hadi RTX za mfululizo wa 50, mwaka 2025. Matokeo yake, laptopu ya kawaida ya Intel imeweza kucheza kwa ulaini faili lililoishinda mashine ya gemu ya AMD yenye RTX 4070.

Apple walipita njia hiyohiyo ya sakiti maalumu. M1 ya Novemba 2020 ilifungua mafaili hayo ikiwa kwenye MacBook Air isiyo na feni, na haipotezi kasi chaja ikichomolewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hilo si jambo dogo, kwani laptopu za gemu za Windows hunywea zikibaki na betri. Ila gemu nyingi kubwa hazina toleo la Mac, na RAM iliyonunuliwa siku ya kwanza ndiyo hiyo hadi mwisho.

Mwenye kutaka gemu na uhariri kwa mashine moja asiifukuzie prosesa ya juu kabisa. Viini 8 vya kisasa, H au HS, vinatosha. Pesa inayobaki iende kwenye kadi ya grafiki na RAM. Huko nako kuna wati: RTX 4060 ya laptopu hutengenezwa kuanzia wati 35 hadi 115 chini ya jina lilelile. Mwenye kamera ya 4:2:2 achague Intel, Mac au RTX ya mfululizo wa 50, na asiogope kuiacha X3D dukani.

Kabla ya kulipa, mashine iwashwe. Ctrl, Shift na Esc zikibonyezwa pamoja, ukurasa wa utendaji unaonyesha jina kamili la prosesa na idadi ya viini vyake. Wati za kadi zimo kwenye taarifa za mfumo ndani ya paneli ya Nvidia. Ukaguzi wote hauzidi dakika mbili, na muuzaji anayeukataa ameshajibu.