Nani Kamla Nungunungu?

Tim McClanahan, mtafiti Mmarekani aliyeifanya pwani ya Kenya kuwa uwanja wake wa kazi, ana jaribio moja ambalo huanza kwa sindano ya hospitali. Humchukua nungunungu wa bahari, yule mdogo anayejichimbia kijishimo mwambani, akamdunga taratibu, akapitisha uzi wa mshipi mwilini mwake, kisha akaufunga kwenye kamba iliyotandazwa baina ya matumbawe. Akidungwa kwa uangalifu, nungunungu hafi; hubaki pale pale akiendelea na maisha yake. Kesho yake mtafiti hurudi kutazama yaliyomfika.

Ufundi wenyewe uko katika kusoma mabaki. Gamba lililopasuliwa vipande ni kazi ya samaki. Lenye kitundu cha mviringo, kilichokerezwa vizuri, limetobolewa na konokono. Likikutwa zima lakini tupu, nyama yote imeyeyushwa, basi kiti cha pweza alipita hapo. Mimi huliona jaribio hili kuwa zuri kuliko mengi yanayotumia mitambo ya gharama, kwa sababu halimuulizi mtu yeyote maoni yake. Humuuliza nungunungu mwenyewe, na jibu lake hushikika mkononi.

Kamba hizo zilifungwa katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa tangu 1968, zikafungwa pia Kanamai, Vipingo na Diani, ambako watu walikuwa wakivua. Ndani ya hifadhi nungunungu waliliwa upesi. Nje, wengi walikutwa wazima. Mlaji aliyetofautisha mahali na mahali zaidi ya wote ni kikande mwenye mistari ya rangi ya machungwa, samaki wa taya ngumu asiyeogopa miiba. Anapovuliwa akaisha, nungunungu huongezeka, na kwa kuwa wanapokula mwani hukwangua na mwamba wenyewe, matumbawe husagika kidogo kidogo na samaki wengine hukosa pa kujificha. Nyawira Muthiga, mwanasayansi Mkenya aliyebobea katika maisha ya nungunungu, ameshirikiana na McClanahan katika kazi hii tangu miaka ya 1980. Wengine wangeandika makala moja wakahamia jambo jingine. Hawa walirudi.

Walirudi na kamba ya mita 10. Hulazwa juu ya mwamba ikifuata kila bonde na kila mwinuko, kisha kila kilicho chini yake hupimwa kwa sentimita: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, majani ya bahari, mchanga. Ni kazi ya kuinamisha kichwa majini saa nyingi, mawimbi yakikusukuma, na matokeo ya mwaka mmoja hayamshangazi mtu. Thamani yake ilionekana 1998, bahari ilipopata joto kali na matumbawe yakapauka katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi magharibi. Kwa kuwa vipimo vya miaka ya nyuma vilikuwapo, iliwezekana kusema kilichopotea, wapi, na aina zipi zilistahimili. Ilidhihirika pia kwamba mpaka wa hifadhi, unaomzuia mvuvi, hauzuii joto.

Ninachokienzi zaidi ni uaminifu. Mwaka 1996 McClanahan na Boaz Kaunda-Arara walichapisha utafiti kuhusu Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Wavuvi waliobaki jirani na hifadhi walikuwa wakipata samaki wengi zaidi kila mmoja, habari ambayo mpenda hifadhi yeyote angeitangaza na kuishia hapo. Wao waliandika na upande wa pili: eneo la kuvulia lilikuwa limepungua mno, wavuvi wengi walikuwa wameondoka, na jumla ya samaki walioletwa ufukweni ilishuka. Mvuvi aliyekuwa akisema ameporwa bahari yake alikuwa na hoja, na hoja hiyo sasa ilikuwa na takwimu. Kuhusu kikande nako McClanahan hakutia chumvi: hata akilindwa, hurudi polepole sana, kwa hesabu ya miongo, kwa hiyo hifadhi changa isihukumiwe kwa misimu miwili mitatu.

Utafiti haukuishia kwenye hifadhi; ulifika pia kwenye zana za wavuvi wenyewe. Miaka ya baadaye McClanahan na Emmanuel Mbaru, mtafiti wa Kenya, waligeukia lema, mtego wa kusukwa ambao wazee wa Pwani wameutumia vizazi na vizazi. Uliachiwa mwanya mwembamba, samaki wachanga na wale wembamba wasio na bei wapate kutoka. Samaki walipimwa, wakapigiwa hesabu ya bei. Katika matokeo yaliyochapishwa 2013, malema yenye mwanya yalileta samaki wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi kikapanda badala ya kushuka.